Wasiwasi wa muuguzi ni hesabu sahihi

Msomaji mmoja, muuguzi wa hospitali ya wilaya, ameniletea swali zuri kuliko yote niliyopokea mwaka huu. Wakati wa Uviko-19 alifanya kazi sehemu mbili. Alianzia mapokezi ya wagonjwa wa nje, ambako wengi walikuja na malaria au mafua ya kawaida, na huko hakuwa akilala. Kisha akahamishiwa wodi ya kutenga wagonjwa, ambako kila kitanda kilikuwa na virusi, na huko usingizi ukarudi. Anauliza: alikuwa mwoga kwanza, kisha akazoea?

Hapana, si woga na si mazoea. Kuna jibu la tatu, nami nataka kulieleza kwa urefu kwa sababu linawahusu wahudumu wengi wa afya walioondoka kwenye janga lile wakijiona dhaifu.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Kati ya Januari 29 na Februari 3, 2020, watafiti wa China waliwauliza maswali wahudumu 1,257 wa hospitali 34, nyingi zikiwa Wuhan. Asilimia 44.6 walikuwa na dalili za wasiwasi, asilimia 50.4 dalili za sonona, na mmoja kati ya kila watatu alikosa usingizi. Wauguzi, wanawake na waliowagusa wagonjwa wa Uviko ndio walioelemewa zaidi. Wala hawakuwa wanaota mambo: Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria baadaye kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,500 duniani walifariki kwa ugonjwa huo kati ya Januari 2020 na Mei 2021.

Habari za adrenalini na kortisoli nitaziruka, maana kila anayeandika juu ya msongo wa mawazo huanza nazo. Mimi navutiwa na kinachotangulia homoni: ubongo unajuaje kwamba sasa ndio wakati wa kuzimwaga?

Mwaka 2016 Archy de Berker na wenzake wa University College London walichapisha jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe. Kabla ya kila jiwe, mchezaji alikisia kama chini yake kuna nyoka. Nyoka akiwapo, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, shoti yenye maumivu ya kweli. Uwezekano wa kukuta nyoka ulibadilishwa kila mara, kwa hiyo aliyedhani amelijua jiwe fulani alilazimika kujifunza upya. Muda wote huo watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, na kuwauliza wachezaji wana msongo kiasi gani.

Ungetarajia msongo upande pamoja na hatari, ufike kileleni shoti inapokuwa ya hakika. Haikuwa hivyo. Kilele kilikuwa katikati, kwenye asilimia 50. Aliyejua kwamba lazima atapigwa alikuwa mtulivu kuliko yule ambaye huenda angepigwa na huenda angesalimika.

Shika kalamu uone kwa nini. Chukua uwezekano wa jambo kutokea, uuzidishe kwa uwezekano wa kutotokea. Likiwa la asilimia 90, 0.9 mara 0.1 ni 0.09. Likiwa la asilimia 60, 0.6 mara 0.4 ni 0.24. Likiwa la asilimia 50, unapata 0.25, na utafute utakavyotafuta, hutapata jibu kubwa kuliko hilo. Kwenye hakika kamili, 1 mara 0 ni sifuri. Mkunjo unapanda hadi katikati, kisha unashuka, na jasho la watu wale wa London lilifuata mkunjo wa umbo hilo. Miili yao ilikuwa ikipiga hesabu ambayo wengi wao wasingeweza kuiandika ubaoni.

Shaka ya aina hii inahitaji jina. “Sintofahamu” halifai, kwa kuwa magazeti yamelifanya liwe la migogoro na kutoelewana. “Kutokuwa na uhakika” ni maelezo, halijawa jina. Napendekeza “shaka sugu”, kwa maana ile ile tunayosema vimelea sugu: shaka isiyotibika kwa kujua zaidi. Hata ukijua kila kinachoweza kujulikana kuhusu jiwe la nusu kwa nusu, bado hujui kama safari hii nyoka yupo.

Mkulima anayelinda mahindi anaijua shaka sugu bila maabara. Nguruwe wakija kila usiku, analala kwenye dungu, anawasha moto, anagawana zamu na jirani. Anachoka, lakini mchana analala na kula vizuri. Wasipokuja kabisa, analala nyumbani. Balaa ni msimu ambao wanakuja usiku mmoja, wanapotea mitatu, wanarudi miwili mfululizo, kisha hawaonekani. Hapo akilala nyumbani, sikio linabaki shambani. Akipanda dunguni, kila jani likitikisika anainuka, na alfajiri anashuka hajaona hata nguruwe mmoja, akiwa amechoka kuliko aliyefukuza kumi. Hawezi kujiandaa, kwa sababu hajui anajiandalia nini, na hawezi kuacha kujiandaa. Mkeo akikuambia “tulia, huenda leo hawaji”, hajakusaidia, maana neno “huenda” ndilo linalokunyima usingizi. Afadhali jirani mwenye kujua njia zao aseme “wanapita mwezi ukishazama”. Hatari haijapungua hata kidogo, lakini umepata saa za kulala.

Panya pia wanaijua shaka hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwamba panya waliosikia mlio kabla ya kila shoti walipata vidonda vichache zaidi vya tumbo kuliko wenzao waliopigwa shoti zile zile bila onyo.

Sasa rudi hospitalini. Mapokezi anaingia mtu mwenye homa na kikohozi: ni malaria, nimonia, mafua au Uviko? Majibu ya kipimo yanaweza kuchukua siku kadhaa, na aliyeambukizwa huweza kuambukiza kabla hajaona dalili. Barakoa hazitoshi: Machi 2020 WHO ilikuwa ikiviomba viwanda viongeze utengenezaji wa vifaa vya kujikinga kwa asilimia 40. Dalili huchukua siku tano hivi kujitokeza, na zinaweza kufika 14. Maana yake kila zamu inaanzisha kungoja kwa siku 14 kabla kungoja kwa zamu ya jana hakujaisha. Kwenye wodi ya kutenga, jibu linajulikana tangu mlangoni: kila mgonjwa anao. Unavaa vyote, unafuata utaratibu ule ule, unavua kwa mpangilio, unaoga. Hatari ni kubwa, shaka ni ndogo.

Singapore, mwaka huo huo wa 2020, utafiti wa wahudumu 470 ulikuta wasiwasi kwa asilimia 20.7 ya wafanyakazi wasio madaktari wala wauguzi, dhidi ya asilimia 10.8 ya madaktari na wauguzi. Waliokuwa mbali zaidi na taarifa na mafunzo ndio waliohangaika zaidi. Wodi nazo zina shaka zake, na kule Wuhan zilikuwa nyingi, lakini mwelekeo unaonekana.

Kuna matokeo mengine ya London ninayotamani kila muuguzi ayasikie. Wachezaji ambao msongo wao ulipanda na kushuka sambamba na shaka halisi ndio waliokisia nyoka vizuri zaidi. Wasiwasi uliofuata hali ilivyo ulikwenda pamoja na kujifunza vizuri. Aliyetetemeka mapokezi alikuwa akiyasoma mazingira yake kama yalivyo.

Basi tiba ianzie kwenye mazingira. Desemba 2020 wauguzi na matabibu wa Kenya waligoma wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Vyote viwili vinaondoa maswali ya nusu kwa nusu: nitajikinga na nini kesho, na nikiugua nani atanitibu? Mganga mfawidhi anayejiandaa kwa mlipuko ujao anaweza kufanya mengi kwa karatasi na ukuta tu. Abandike idadi ya barakoa zilizopo stoo na siku zitakazotosha. Atangaze majibu ya vipimo yanatoka siku gani, saa ngapi. Ratiba ya zamu itolewe mapema na isivunjwe. Asipojua, aseme hajui, na ataje siku atakayojua. Wafagizi, makarani na madereva wa gari la wagonjwa wapewe taarifa zile zile wanazopewa madaktari, siku ile ile. Ushauri nasaha una kazi yake, lakini ufuate baada ya hayo. Kumfundisha mtu kutulia huku umeficha taarifa unazoweza kumpa ni kuutaka ubongo wake ukosee hesabu.