Mashini ya pili kwenye wifi ya nyumba: mega zinaenda wapi?

Wandugu wahitimu, nyumba nyingi hapa Goma zina modemu moja ya kadi SIM na mashini mbili: moja ya mwenye kutafuta kazi, nyingine ya mdogo wake anayeandika TFC. Kuingiza mashini ya pili kwenye wifi hakupiti dakika tano. Shida inakuja kesho yake: forfe imekwisha, na watu wanaanza kushitakiana nani aliangalia video. Mara nyingi hakuna aliyeangalia kitu.

Tuanze na kuunganisha. Geuza modemu: chini yake kuna karatasi yenye jina la mtandao na neno la siri, kama hamkulibadilisha. Kwenye mashini bonyeza alama ya wifi, chagua jina hilo, andika neno la siri, ukichunga herufi kubwa na ndogo. Modemu ikitoa mitandao miwili, wa 2,4 GHz na wa 5 GHz, na mashini iko chumba kingine, chukua wa 2,4: unapenya kuta vizuri zaidi. Katika nyumba ya mawe ya volkano utaona tofauti kuliko katika nyumba ya mbao. Ule wa 5 una mbio, lakini unataka ukae karibu.

Sasa, kabla ya kufungua kitu kingine: Windows ikipata wifi inafikiri haina kipimo. Inaanza kushusha mise à jour kimyakimya. Mashini iliyokaa miezi bila intaneti ndiyo yenye njaa kabisa. Inaweza kumeza giga kadhaa. Ingia Paramètres, kisha Réseau et Internet, kisha Wi-Fi, fungua mtandao wenu na uwashe «Connexion limitée». Hapo sehemu kubwa ya mise à jour itangoja. Fanya hivyo kwenye kila mashini, maana moja haiambii nyingine. Lakini usiziache milele, kwani zinalinda mashini: zishushe siku ukipata koneksio isiyohesabiwa.

Na kabla ya kumshitaki mdogo wako, tafuta «Utilisation des données» humo humo ndani ya Paramètres. Inaonyesha kila programu imekula mega ngapi.

Jambo moja tena ambalo wengi hawalijui: mashini mbili za wifi moja zikitumiana faili kwa folda ya pamoja, hazili mega hata moja, maana faili haitoki nje ya nyumba. Weka «Réseau privé» kwenye zote mbili, kisha shiriki folda. Hata forfe ikiisha, inaendelea.

Offre ya kazi ikifungwa leo saa kumi na moja na mmebaki na mega 100, hizo zinatosha kabisa kutuma CV, mradi mashini ya pili isizile mbele yako.