Kubadilisha boila ya nyumbani

Boila ya nyumbani ni mtambo unaopasha moto maji yanayozunguka katika mabomba na rejeta za nyumba ili kuleta joto vyumbani wakati wa baridi. Nyingi hupasha pia maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Ingawa jina lake linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuchemsha, kwa kawaida maji yaliyomo hayafiki kiwango cha kuchemka. Mtambo huu ni wa kawaida sana nchini Uingereza, ambako nyumba nyingi hutumia gesi asilia inayoletwa kwa mabomba ya chini ya ardhi. Makala hii inaeleza jinsi ya kuamua kama boila iliyozeeka itengenezwe au ibadilishwe, kwa kufuata hali ya nchi hiyo.

Umri

Mara nyingi husemwa kwamba boila hudumu miaka 10 hadi 15. Hata hivyo zipo zinazofanya kazi muda mrefu zaidi, hasa za zamani zenye chuma kizito na vifaa vichache vya elektroniki. Umri peke yake si sababu ya kutosha. Una maana zaidi pale kiwanda kinapoacha kutengeneza vipuri vya aina hiyo: hapo hitilafu ndogo ya feni au saketi yaweza kuiua boila ambayo kwa mengine ni nzima.

Usalama

Hili ndilo jambo pekee lisilohitaji hesabu. Gesi isipoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili za hatari ni masizi kuzunguka mtambo, mwali wa njano badala ya buluu (pale unapoonekana, kwa kuwa boila nyingi za sasa zimefungwa kabisa), na watu wa nyumbani kuumwa kichwa au kusikia kizunguzungu kinachopungua wanapotoka nje. Dalili hizo zikionekana, boila huzimwa, madirisha hufunguliwa, watu hutoka nje na kupiga simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Kwa sheria, kazi ya gesi hufanywa tu na fundi aliyesajiliwa katika Gas Safe Register, daftari lililoanza kutumika Uingereza bara mwaka 2009. Mpangaji hapaswi kubeba mzigo huu: mwenye nyumba ana wajibu wa kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti.

Hitilafu zisizo za boila

Boila nyingi hulaumiwa kwa makosa ya mfumo mzima. Rejeta yenye joto juu na baridi chini kwa kawaida imejaa tope jeusi la kutu. Dawa yake ni kusafisha mabomba. Boila inayovuma kama birika mara nyingi ina ukoko wa chokaa ndani, jambo la kawaida London na kusini-mashariki ambako maji yana chokaa nyingi. Ikizima ghafla asubuhi ya barafu, huenda bomba dogo la kutolea maji nje limeganda tu, na maji ya vuguvugu hulizibua. Kufunga boila mpya kwenye mabomba yenye tope ni kuiharibu mapema.

Hesabu ya gesi

Tangu 2005 boila mpya za gesi katika England na Wales zimetakiwa, isipokuwa katika hali chache, ziwe za aina inayonasa joto la mvuke ulio katika moshi kwa kuugeuza kuwa maji. Za zamani zilitumia takriban asilimia 70 ya nishati ya gesi au chini ya hapo. Mpya hufikia karibu 90.

Tuchukue nyumba inayotumia kilowati-saa 12,000 za gesi kwa mwaka kwa boila ya asilimia 70. Joto inalopata ni kilowati-saa 8,400. Boila ya asilimia 90 ingehitaji takriban 9,330, yaani pungufu ya 2,670. Gesi ikiuzwa peni 6 kwa kilowati-saa, akiba ni kama pauni 160 kwa mwaka. Ikiwa kazi yote inagharimu pauni 3,000, fedha hurudi baada ya karibu miaka 19, muda unaozidi umri wa kawaida wa boila yenyewe. Na kama boila ya sasa tayari ina asilimia 85, akiba hushuka hadi pauni 40 hivi. Kwa hiyo tangazo linalodai kuwa boila mpya "itajilipa yenyewe" lisomwe kwa uangalifu.

Hesabu hubadilika pale matengenezo makubwa yanapokuwa hayaepukiki, kwa kuwa linganisho huwa kati ya bei ya boila mpya na bei ya kuponya ya zamani. Tena asilimia 90 hupatikana tu maji yanaporudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ikiwekwa joto la juu mno, mvuke hautageuka maji na faida hupotea.

Wakati wa kuamua

Boila hufa zaidi wakati wa baridi, ndipo inapofanya kazi nyingi. Familia isiyo na joto mwezi Januari huchukua chochote kilichopo, na kwa kawaida ni boila nyingine ya gesi, kwa sababu hufungwa kwa siku moja au mbili. Pampu ya joto, inayotumia umeme kuvuta joto kutoka hewani au ardhini, huhitaji vipimo vya nyumba, na pengine rejeta kubwa zaidi na tangi la maji. Katika England na Wales ruzuku ya serikali kwa pampu hizo ilipandishwa hadi pauni 7,500 Oktoba 2023, lakini maombi na ufungaji huchukua wiki kadhaa. Mwenye boila ya miaka 15 anayetaka kuwa na uchaguzi huo huanza kuuliza bei wakati wa kiangazi, boila ikiwa bado inawaka.