Ajali Ina Kinga: Funzo la Msumeno wa Umeme

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi wala sikuwahi kuitilia shaka, hadi nilipoanza kununua zana za useremala. Jembe, hata likiwa butu, halimrukii mkulima. Zana ya umeme huruka. Kwa hivyo nathubutu kusema, kwa idhini ya wahenga wenyewe, kwamba asiyechagua zana ya umeme si seremala, na huenda asidumu na vidole vyake vyote kumi.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Miaka sita iliyopita nilikitenga chumba kidogo nyuma ya nyumba yangu nikakifanya karakana. Vitabu vilikuwa vimejaa sakafuni, na mshahara wa mhadhiri haununui rafu za mvule. Nilipata msumeno wa umeme wa mkono, ule wenye sahani ya meno inayozunguka. Ulikuwa umetumika, bei yake nafuu, nao ulikuwa ungali ndani ya sanduku lake pamoja na kijitabu cha maelezo. Kifuniko cha chuma ambacho hujirudisha chenyewe na kuyafunika meno baada ya kukata kilikuwa kimefungwa juu kwa waya. Aliyeniuzia alinieleza kuwa alikifunga ili kisimsumbue. Sikuuliza zaidi.

Kijana mmoja wa mtaani mwetu, fundi hodari aliyejifunza kazi kwa kuwatazama wenzake Gikomba, alikuja kunisaidia.

"Mwalimu, waya huu ni wa nini?" aliniuliza.

"Uache tu, ndivyo nilivyouziwa," nikamjibu.

Tuliulaza ubao juu ya viti viwili, kimoja kila upande, naye akaanza kuukata katikati. Ubao ulipokaribia kukatika ulibonyea, mwanya wa mkato ukajifunga na kuyabana meno. Msumeno ukaruka nyuma kwa nguvu. Meno, yakiwa wazi, yakaupitia mkono wa kushoto aliokuwa ameushikia ubao. Alipoteza vidole viwili.

Hospitalini, kila aliyekuja kumjulia hali alisema neno lile lile: ajali haina kinga. Nami nilitikisa kichwa kukubali. Usiku huo nilikifungua kijitabu kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na lugha zaidi ya kumi za Ulaya, Kiswahili hakikuwemo. Katika kurasa za Kiingereza palikuwa na onyo kwamba kifuniko kisifungwe wala kuondolewa kamwe. Chini yake palikuwa na mchoro wa ubao uliolazwa juu ya egemeo mbili na kukatwa katikati, umepigwa alama ya kukatazwa. Ajali ile ilikuwa na kinga. Mimi, niliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu, nilikuwa nayo sandukuni, sikumsomea mwenzangu hata sentensi moja.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa msomaji ayapate kwa bei nafuu kuliko niliyoilipa, na ambayo kijana yule alinilipia.

Kwanza, chagua kazi kabla ya kuchagua zana. Anayetaka kutengeneza rafu na viti vya nyumbani hahitaji mashine kumi. Keekee ya umeme ndiyo ya kwanza, kwani hutoboa na pia hukaza parafujo. Msumeno hufuata, kisha mashine ya msasa. Randa ya umeme yaweza kungoja, maana randa ya mkono iliyonolewa vyema bado hufanya kazi safi. Wala usiinunue zana kabla ya kununua jiriwa au vibanio vya kuushikilia ubao, kwa sababu mkono wa binadamu haukuumbwa uwe jiriwa.

Pili, soma kibandiko cha zana. Umeme wetu nchini Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Zana iliyotumika Marekani, ambako volti ni 120, itaungua mara tu ikichomekwa hapa pasipo kipunguza umeme. Wati hukujulisha umeme unaoliwa na mashine, si lazima nguvu inayofika kwenye meno. Muhimu zaidi ni idadi ya mizunguko kwa dakika. Mashine ndogo ya kukatia na kusugulia chuma, ambayo mafundi wetu huiita grainda, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa mkono huzunguka kama mara 5,000. Hata hivyo, katika karakana nyingi utaona sahani ya meno ya mbao imefungwa kwenye grainda. Sahani hiyo imeandikwa ukomo wa mizunguko yake, na grainda huenda ikaupita mbali. Fauka ya hayo, kifuniko cha grainda hakikuundwa kwa ajili ya meno hayo. Mwenye kufanya hivyo ameibeba hatari mkononi na kuichomeka kwenye umeme.

Tatu, meno yaoane na mkato. Sahani yenye meno machache, tuseme 24, hufaa kupasua ubao kwa kufuata nyuzi zake. Yenye meno 60 hufaa kukata kwa kukingama na kuacha ukingo laini. Meno butu ni hatari kuliko makali, kwani humfanya fundi asukume kwa nguvu.

Kuhusu matumizi, kanuni si nyingi. Meno yashushwe kiasi cha kutokeza milimita chache tu chini ya ubao. Ubao ushikizwe vyema upande mmoja, na kipande kinachokatwa kiachwe huru kianguke, ili mwanya usijifunge. Simama kando ya mstari wa mkato, usisimame nyuma yake. Chomoa waya kabla ya kubadilisha meno. Ikiwa unatumia waya wa kuongezea umeme uliokunjwa, ukunjue wote, kwani ukibaki umekunjwa hupata joto. Usivae tai, shati la mikono mipana wala glavu mbele ya kitu kinachozunguka. Glavu ikinaswa huvuta mkono. Vaa miwani ya kinga na viziba masikio. Vumbi nalo si la kudharauliwa: mwaka 1995 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Pengine msomaji atauliza: mwalimu wa lugha ana nini na msumeno? Ana mengi. Lugha yetu si maskini wa istilahi za useremala. Tuna randa, patasi, tupa, jiriwa, timazi na kitenzi kukereza. Parafujo tuliipokea kutoka kwa Wareno, nayo imekuwa yetu kabisa. Babu zetu wa Lamu walichonga milango inayosifiwa hadi leo kwa istilahi hizo hizo. Kilichotupungukia ni mazoea ya kuandika namna ya kuzitumia zana mpya kwa lugha anayoielewa mwenye kuzishika. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Haki gani hiyo, ikiwa maelezo yenyewe yako katika lugha ambayo fundi aliyeacha shule mapema haimudu?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tunafundisha sajili, tunafundisha uandishi wa maagizo na maelekezo, na kila mwaka tunarudia mapishi ya pilau. Wapeni wanafunzi zana halisi. Mmoja aandike maelekezo ya keekee, mwingine ya msumeno, kisha wayapeleke kwa fundi aliye jirani na shule wamsomee. Akielewa, insha imefaulu. Asipoelewa, na irudiwe. Mtahini wa namna hiyo hapendelei msamiati mgumu, na mwanafunzi atatambua kwamba sentensi yenye utata yaweza kumtoa mtu damu.

Mimi niliufanya mtihani huo. Niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili nikaubandika ukutani mwa karakana. Kile kifuniko nilikiita "kikingio", na ule mruko wa msumeno nikauita "mrejeo wa ghafla". Kijana wangu, ambaye bado anafanya useremala kwa vidole vyake vinane, aliusoma polepole, akaomba kalamu. Alifuta "kikingio" akaandika "kofia". Alifuta "mrejeo wa ghafla" akaandika "teke". Kisha akaniambia, "Mwalimu, ungeniambia siku ile kwamba msumeno hupiga teke ukivuliwa kofia, ningeukata waya ule mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Ukurasa ungali ukutani kama alivyousahihisha, na kila anayekuja kuazima msumeno husomewa kwanza. Tuache kuwafariji majeruhi kwa methali. Ajali nyingi za karakana zina kinga, na sehemu ya kinga hiyo ni kazi yetu sisi tunaojua kusoma na kuandika.