Meya Hapatikani Oktoba

Mpiga kura wa Tanzania Bara akiingia kituoni siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haimo. Hata hivyo, matokeo yakishabandikwa ukutani, swali la kwanza vijiweni huwa ni nani kachukua jiji. Jibu lake hupatikana wiki kadhaa baadaye, pengine miezi, ndani ya ukumbi ambao wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, mvaa joho na mkufu huchaguliwa na wajumbe wa baraza la madiwani, kutoka miongoni mwao, kwa kura ya siri. Meya hukaa miaka mitano. Naibu wake hupigiwa kura upya kila mwaka.

Utaratibu huu una umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe. Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwaka 1960, Uhuru ukiwa bado haujapatikana. Ndiye yule yule mshairi aliyeandika *Sheria za Kutunga Mashairi*. (Jiji liliwahi kuongozwa na mtu aliyejua vina na mizani, sina hakika kama vikao vya baraza vya siku hizi vingempendeza.)

Anayetaka kuona mfumo huu unavyofanya kazi arudi kwenye Uchaguzi Mkuu wa 25 Oktoba 2015. Kitaifa CCM ilishinda urais kupitia John Magufuli, lakini Dar es Salaam mambo yalikwenda kombo kwa chama hicho. Katika majimbo kumi ya mkoa, sita yalikwenda kwa vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani: Chadema ikachukua Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga, na CUF ikachukua Kinondoni na Temeke. CCM ilibaki na Ilala, Segerea, Kigamboni na Mbagala. Kwa madiwani nako upinzani ulivuna kata nyingi. Mtu wa kawaida angesema basi, jiji limebadilika mikono. Mjuzi wa halmashauri angeuliza kwanza: orodha ya wajumbe anayo nani?

Swali hilo si la kejeli. Baraza la madiwani halikaliwi na madiwani wa kata peke yao. Wamo madiwani wanawake wa viti maalumu, takriban theluthi ya waliochaguliwa, ambao vyama hugawana kulingana na ushindi wao. Wamo wabunge wa majimbo yaliyo ndani ya halmashauri. Na wabunge wa viti maalumu nao hukaa katika halmashauri mojawapo. Hapo ndipo penye mwanya.

Tuchukue manispaa ya kufikirika yenye kata 20. Chama cha kwanza kimepata kata 11, cha pili 9. Viti maalumu 7 vimegawanywa 4 kwa 3. Majimbo ni mawili, na yote yamekwenda kwa chama cha pili. Jumla: 15 kwa 14. Chama cha kwanza kina umeya mkononi. Sasa mbunge mmoja wa viti maalumu wa chama cha pili aingizwe kwenye orodha ya manispaa hiyo: 15 kwa 15. Akiongezwa wa pili, umeya umehama, na hakuna kura hata moja ya mwananchi iliyoguswa. Hakuna sanduku lililoibwa wala karatasi iliyochomwa. Kilichobadilika ni orodha ya mahudhurio.

Ndiyo maana ugomvi wa Dar es Salaam baada ya uchaguzi ule ulihusu majina. Ukawa walilalamika kwamba wabunge wa viti maalumu, wakiwamo wa kutoka Zanzibar, wanaingizwa kwenye orodha za Ilala na Kinondoni ili kuupunguzia upinzani wingi wake. Vikao vikaahirishwa. Hatimaye, Januari 2016, Kinondoni ikampata Boniface Jacob na Ilala ikampata Charles Kuyeko, wote wa Chadema. Temeke ilibaki kwa CCM chini ya Abdallah Chaurembo.

Kikabaki kiti cha jiji lenyewe. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na ngazi mbili: manispaa tatu na juu yake Halmashauri ya Jiji. Meya wa Jiji alipigiwa kura na wajumbe kutoka manispaa zote tatu. Uchaguzi wake uliahirishwa mara kadhaa. Tarehe 27 Februari 2016 wajumbe walishafika Ukumbi wa Karimjee, wakatangaziwa kwamba kuna zuio la mahakama. Kikao kikavunjika kwa vurugu, na baadhi ya wabunge wa upinzani wakaishia kufunguliwa mashtaka. Tarehe 22 Machi ndipo kura zikapigwa: Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni kwa tiketi ya Chadema, kura 84, Omary Yenga wa CCM, kura 67. Kutoka Oktoba mpaka Machi, karibu miezi mitano, jiji kubwa kuliko yote nchini lilikuwa halina meya.

Halafu? Hapa ndipo wapiga kura wengi hukata tamaa bila kujua sababu. Meya huongoza vikao vya baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi. Mtendaji mkuu ni mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza, na ndiye msimamizi wa matumizi ya fedha. Meya hamwajiri, wala hawezi kumfukuza. Baraza likipitisha azimio, utekelezaji uko upande wa pili wa korido. Juu yao wapo Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, nao wateule wa Rais.

Mamlaka yenyewe nayo hayakutulia. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwaka uliofuata ada za mabango zikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2017 barabara za mitaa zikakabidhiwa kwa wakala mpya, TARURA. Serikali ilikuwa na hoja zake za ufanisi, na hatua hizo ziligusa halmashauri za nchi nzima, za chama tawala na za upinzani. Lakini meya aliyeingia Machi 2016 akiahidi barabara na mitaro, kufikia 2018 alikuwa na kamba fupi sana ya kujivutia. Katikati ya hayo manispaa ziligawanywa: Ubungo ikatoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke. Hesabu za mabaraza zikaanza upya. Jacob akahamia umeya wa Ubungo, na Kinondoni ikaenda kwa Benjamin Sitta wa CCM. Mipaka mipya, meya mpya, ilhali mwananchi hajarudi kituoni.

Vilevile wajumbe walianza kuhama vyama, na kila aliyehama alibadilisha mizani ya ukumbi. Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti aliyechaguliwa kupitia CUF na kuwa Naibu Meya wa Ilala, alijiunga na CCM na baadaye akawa meya wa manispaa hiyo. Januari 2020 ikafika zamu ya Isaya Mwita: baraza lilimpigia kura ya kutokuwa na imani. Tuhuma zilikuwepo, lakini kilichobishaniwa zaidi kilikuwa akidi, yaani kama theluthi mbili ya wajumbe inayotakiwa kisheria ilitimia kweli. Mwita alishikilia kwamba haikutimia na kwamba yeye bado ni meya. Joho alilopewa ukumbini alivuliwa humo humo.

Oktoba mwaka ule CCM ilitwaa majimbo yote kumi ya mkoa. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, akaipandisha hadhi Manispaa ya Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam, na Kumbilamoto akawa Meya wa Jiji. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1996 baraza la jiji lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi mwaka 2000. Chama kimoja kikishakuwa na baraza karibu lote, kura ya ukumbini hubaki kuwa ya kukamilisha utaratibu. Uamuzi wenyewe hufanyika mapema, kwenye kikao cha chama cha kumpata mgombea, mlango ukiwa umefungwa.

Wapo wanaosema dawa ni wananchi kumchagua meya moja kwa moja. Majirani wamejaribu. Kampala ilimchagua Erias Lukwago kwa kura za wananchi mwaka 2011, lakini sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla ilikuwa imeweka utendaji mikononi mwa mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Mwaka 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa. Mwaka 2016 wananchi wakamrudisha. Nairobi ilikuwa na meya wa kuchaguliwa na madiwani hadi Katiba ya 2010 ilipoleta magavana, walioanza kuchaguliwa 2013. Gavana ana nguvu ambazo meya wa Dar hajawahi kuziota, lakini Mike Sonko, aliyechaguliwa 2017, aling'olewa Desemba 2020 na bunge la kaunti pamoja na Seneti. Kwa hiyo mimi simo katika kundi la wanaoamini kwamba karatasi ya nne kituoni itamaliza kila kitu. Meya wa kura za watu asiye na bajeti wala mtendaji anayewajibika kwake atakuwa na heshima zaidi, na hasira zaidi.

Kuna jambo dogo linaloweza kufanyika bila kugusa Katiba: orodha kamili ya wajumbe wa kila baraza, pamoja na jina la kila mbunge wa viti maalumu na halmashauri anayokaa, itangazwe hadharani kabla ya siku ya kumchagua meya, na pingamizi zisikilizwe mapema. Ugomvi wa Karimjee ungepungua nusu.

Nawe msomaji, mjue diwani wako kwa jina, maana ndiye aliyebeba kura yako ya meya. Muulize alimpigia nani na kwa nini. Mikutano ya Baraza la Madiwani kisheria ni ya wazi. Tangazo lake hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri, na kuingia ni bure.