Kinanda kinalia, maiki haisikiki: angalia haya kabla ya kwenda kwa fundi

Kinanda kinalia vizuri. Midundo ipo, sauti zote zipo. Lakini ukichomeka maiki unapata kimya, au mikwaruzo inayokuja na kuondoka kila waya unapoguswa. Wasikilizaji wetu wametuuliza swali hili zaidi ya mara moja, hasa viongozi wa kwaya na vikundi vidogo vya muziki vinavyotegemea kinanda kimoja kwa kila kitu: muziki, spika na sauti ya mwimbaji. Mara nyingi kinanda hicho kimenunuliwa kwa michango ya watu wengi. Fundi akisema bodi imekufa, kikundi kinaanza kuchangishana upya.

Sisi wenyewe yalitukuta. Kinanda tunachokwenda nacho vijijini kurekodi vikundi kilianza kukata sauti ya maiki. Tukabadilisha maiki, ikasikika siku mbili, ikakata tena. Tukanunua waya mpya. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha bodi nzima, kwa bei iliyokaribia ya kinanda cha mtumba. Wa pili alikifungua, akamulika tundu la maiki kwa tochi ya simu, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele uliozunguka mguu mmoja wa tundu hilo. Akagusa hapo kwa pasi ya kulehemu sekunde chache, kazi ikaisha. Kilichotuuma zaidi ni ile maiki ya kwanza. Haikuwa na kosa lolote, na tulishaigawa.

Ufa huo si jambo la ajabu. Katika vinanda vingi vya kubebeka, miguu ya tundu la maiki imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ndogo, na ndiyo inayobeba uzito wote. Mtu akikanyaga waya, au kinanda kikihamishwa huku pini ya maiki ikiwa ndani, nguvu inaishia kwenye miguu hiyo. Lehemu, ambayo mafundi wengi huiita risasi, ni laini, na baada ya misukosuko mingi hupasuka. Ufa unajifunga na kujifungua, ndiyo maana sauti hurudi ukiishikilia pini upande mmoja. Ukiona dalili hiyo, na waya umeshaujaribu kwingine ukawa mzima, lishuku tundu kabla ya kitu kingine.

Ndani ya tundu kuna vibati vinavyobana pini. Kwenye vinanda vingi kuna kibati kingine ambacho, wakati maiki haijachomekwa, hugusana na mwenzake ili tundu tupu lisilete mvumo. Pini ikiingia huvitenganisha. Kibati hicho kikipinda au kikishika kutu, hakiachani na mwenzake, na sauti yote ya maiki inapotelea hapo. Utapata kimya kabisa, ingawa hakuna kilichoungua.

Lakini usikimbilie bisibisi. Anza nje. Geuza kinanda usome maandishi ya nyuma, maana tundu la maiki, la hedifoni na la kikanyagio cha mguu mara nyingi yana ukubwa uleule, milimita 6.3, na gizani kwenye mkesha ni rahisi kukosea. Tafuta lililoandikwa MIC. Ukichomeka maiki halafu spika za kinanda zenyewe zikanyamaza, umeingia tundu la hedifoni. Vinanda vingine vina kidude cha kuzungusha cha sauti ya maiki peke yake, na vingine vina swichi ya kuchagua kati ya MIC na LINE. Ikikaa kwenye LINE, maiki itasikika kwa mbali sana au isisikike kabisa.

Halafu aina ya maiki. Maiki ya kawaida ya mkononi, yenye koili ndani, haihitaji umeme. Ile ndogo ya simu au kompyuta inahitaji umeme kidogo, na ile ya studio huhitaji volti 48, ambazo vinanda vingi havitoi. Unaweza kununua kiunganishi, pini ikaingia vizuri, na bado usisikie kitu. Hapo kinanda hakina ubovu.

Ijaribu maiki hiyohiyo na waya uleule kwenye ampulifaya nyingine. Ukiwa na mita ya fundi, iweke upande wa omu, washa swichi ya maiki, na upime kati ya ncha ya pini na shina lake. Maiki nyingi za koili husoma kati ya omu 150 na 600. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana mahali fulani. Isiposoma chochote, kuna waya uliokatika, na mara nyingi umekatikia karibu na pini, pale unapokunjwa kila siku.

Kama tatizo lako ni mvumo, chomoa adapta uweke betri. Mvumo ukiisha, shida iko kwenye adapta au kwenye umeme unaoilisha.

Tundu chafu unaweza kulisafisha bila kufungua kitu. Zima kinanda, ingiza pini na kuitoa kama mara kumi. Mara nyingine kutu nyepesi hutoka kwa njia hiyo tu. Ikishindikana, tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha acha tundu likauke kabla ya kuwasha. Petroli, manukato na mafuta ya kula tumeona vikitumika, na vyote vinaharibu. Pamba nayo huacha nyuzi ndani.

Ikibidi kufungua, kinanda chenye waya unaokwenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani mwachie fundi, kwa sababu ndani kunaweza kubaki umeme wa hatari hata baada ya kuuchomoa. Kinachotumia adapta kina hatari ndogo zaidi: chomoa adapta, toa betri, kilaze juu ya blanketi, na upige picha kila skrubu ilipotoka, kwani huwa hazilingani urefu. Nyaya bapa zinazounganisha bodi usizivute.

Wakati wa kulehemu, kuongeza risasi juu ya ufa wa zamani hakudumu. Risasi ya zamani iondolewe, miguu isafishwe, ndipo iwekwe mpya, na pasi isikae zaidi ya sekunde chache, la sivyo njia ya shaba kwenye bodi itabanduka. Kama vibati vimevunjika, tundu lenyewe hubadilishwa. Nenda dukani na lile la zamani mkononi, maana matundu ya ukubwa mmoja hutofautiana mpangilio wa miguu.

Inawezekana tundu likawa zima na tatizo likawa mbele yake, kwenye IC ndogo inayokuza sauti ya maiki. Katika vifaa vingi vya sauti ni ile yenye namba 4558, na inaweza kuungua mtu akichomeka waya wa spika wa ampulifaya kwenye tundu la maiki. Hata hiyo hubadilishwa peke yake. Kwa hiyo fundi akikuambia bodi nzima, muulize kama amepima miguu ya tundu na IC hiyo, na mwombe akuonyeshe.

Kinanda chetu sasa kina kamba fupi kwenye mguu wa stendi. Waya wa maiki unafungwa hapo kwanza, ukiachwa ulegee kidogo, ndipo pini inaingia. Mtu akijikwaa anavuta stendi.