Je, Akili Bandia Itachukua Nafasi ya Mtunga Programu?

Kijana anayejifunza kutunga programu za kompyuta huulizwa siku hizi na wazee wake: "Mwanangu, yafaa nini kujifunza kazi ambayo mashine yaifanya yenyewe?" Swali hili si la kudharauliwa. Tangu ilipotokea ChatGPT, Novemba 2022, hata asiyejua lugha ya kompyuta aweza kueleza haja yake kwa maneno ya kawaida, naye akapewa programu.

Hofu hii si ngeni. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, na kompyuta ikaanza kujigeuzia yenyewe maagizo ambayo watu waliyaandika kwa taabu, tarakimu kwa tarakimu. Je, watungaji walikwisha? La, waliongezeka, maana kazi nazo ziliongezeka. Hata hivyo tusijidanganye: ajuaye kunakili tu, pasipo kufahamu, mashine itampita.

Basi mashine imepungukiwa na nini? Na tutazame kisa kimoja. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Watengenezaji walishikilia kwamba jambo hilo haliwezekani. Lakini mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji wa mashine hawakuridhika. Waliketi wakarudia hatua zile zile tena na tena, mpaka kosa likajitokeza. Lilikuwamo ndani ya programu.

Programu ile ilitungwa na binadamu, na binadamu hukosea. Lakini waliolitafuta kosa walisukumwa na uchungu wa mgonjwa. Akili bandia haina uchungu huo. Huandika kwa kukisia neno lifuatalo kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa, na ikikosea, hukosea kwa ufasaha ule ule. Haijuti, wala haiwezi kuulizwa juu ya amana iliyopewa.

Kwa hiyo, enyi vijana, msiiogope mashine wala msiitii. Ifanyeni kama karani hodari, ambaye kila barua yake husomwa kabla ya kutiwa sahihi. Na mwenye kutia sahihi hana budi ajue kusoma.