Mashine ya usingizi: jicho la pili husaidia kusoma namba

Kwa mkaazi wa Shabunda, Kivu Kusini, anayekatika pumzi usingizini, kumfikia daktari bingwa ni safari ndefu, na barabara ya kwenda Bukavu ni mbovu. Mashine ya kusukuma hewa puani, iliyotangazwa na Colin Sullivan na wenzake huko Australia mwaka 1981, siku hizi hurekodi mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. 30 na zaidi ni hatari. Lakini barakoa ikivujisha hewa, namba hizo zinaweza kupotosha. Mgonjwa mwenzake mzoefu, akitumiwa picha kwa simu, anaweza kuugundua uvujaji huo. Kubadilisha kiwango cha hewa kunabaki kazi ya daktari.